Wa Ndani Hatoki Mpaka Agongewe

Nilijua mambo ya baba yameharibika siku nilipoingia jikoni kwake kuchemsha chai nikakosa sufuria. Si kwamba nilikosa moja. Nilikosa zote. Kwenye rafu ambapo mama alikuwa akizipanga, kubwa chini na ndogo juu, ilibaki miduara misafi katikati ya vumbi.

"Baba! Umeibiwa?"

"Nani aniibie mimi?" akajibu kutoka sebuleni. "Chemsha kwenye birika."

Birika lilisalimika, na sababu niliijua baadaye kidogo: lilikuwa la chuma, na ndege haijengwi kwa chuma.

Mimi ni dereva wa gari la mikate. Mtu anayegombania njia na malori kila alfajiri hawezi kuwa na mdomo mtamu, na sijawahi kudai ninao. Nikaenda sebuleni nimeshika kiuno, maneno yamenijaa, yakaniishia yote mlangoni. Meza ya kulia chakula ilikuwa imefunikwa na ndege. Haikuwa na mkia. Mabawa yake mapana yalianzia karibu na pua yakarudi nyuma mpaka yakapita kingo za meza, na mwili mzima ulikuwa wa alumini iliyosuguliwa ikang'aa. Kwenye bawa la kushoto niliona mikwaruzo ninayoifahamu. Ilikuwa sufuria kubwa ya maharage, ile niliyoiunguza nikiwa darasa la nne, mama akanisimamia niikwangue kwa mchanga.

"Umekata sufuria za mama," nikasema.

"Anajua," akajibu baba, bila kuinua kichwa.

Ndege ile niliifahamu tangu utotoni bila kuwahi kuiona. Wabunifu waliipa namba. Wafanyakazi waliiita Bubu, kwa sababu injini zake hazikufika hata siku moja, ikakaa bandani bila kutoa sauti. Ilikuwa ndege ya majaribio, bawa tupu lenye kiti cha rubani, na iliahidiwa kuruka kutoka uwanja mfupi kuliko ndege yoyote ya ukubwa wake. Baba na mama walikutana kazini humo, yeye akiwa nje ya bawa na mama akiwa ndani.

Nieleze kidogo, maana bila hili hutamwelewa baba. Bati la ndege hufungwa kwa ribiti, vijimsumari vifupi vya alumini, na ribiti hupigwa na watu wawili. Wa nje ana mashine ya kugongea kichwa cha ribiti. Wa ndani amejikunja gizani, ameshika kipande cha chuma kizito, anakikandamiza kwenye mkia wa ribiti ili ubonyee na kuwa bapa kama kitufe. Bila wa ndani, ribiti inachezacheza tu kwenye tundu lake. Mama alikuwa mfupi, mwembamba, hana woga wa giza, kwa hiyo aliingizwa ndani. Kazini wakawaita hivyo hivyo, Wa Nje na Wa Ndani, na majina yakawaganda mpaka uzeeni. Hata majirani waliokuwa hawajui chanzo chake waliita, "Wa Nje, mkeo yupo?"

Kelele za mashine hazikuruhusu maneno. Walizungumza kwa kugonga bati. Wa ndani akigonga mara moja, maana yake rudia, haijakaza. Akigonga mara mbili, safi. Wa nje akigonga mara tatu, kazi imekwisha, toka. Na hapo palikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeichezea: wa ndani hatoki mpaka agongewe. Akijitembeza humo wakati mashine inagonga, anapoteza vidole. Akigongewa, anatoka kinyumenyume, miguu kwanza, macho yamezoea giza haoni kitu, na wa nje anamshika kifundo cha mguu na kumwekea unyayo kwenye ngazi. "Taratibu. Kanyaga hapa." Kumwacha mwenzako ajitafutie ngazi mwenyewe ilikuwa aibu ambayo mtu angehamishwa karakana kwa ajili yake.

"Baba yako alinipendea kifundo cha mguu," mama alikuwa akisema mbele ya wageni, kusudi baba aone haya. "Sura aliiona baadaye, na alikuwa ameshachelewa kubadili mawazo."

Siku Bubu ilipofutwa, king'ora kililia katikati ya kazi. Watu wakaitwa uani. Baba alimgongea mama mara moja kutoka nje, kitu ambacho hakikuwa na maana yoyote katika lugha yao, akidhani anasema ngoja kidogo. Huko uani mtu mmoja mwenye tai akapanda juu ya kreti akatangaza kwamba mradi umesitishwa, asanteni, nendeni nyumbani. Walinzi wakafunga banda kwa mnyororo. Baba akawaambia kuna mtu ndani ya bawa. Wakamjibu kwamba watu wote wametoka, wamehesabiwa, asilete vituko. Akabishana mpaka sauti ikakauka. Wenzake wakaondoka. Mwisho akazunguka nyuma, akaruka ukuta, akavunja kioo, akaingia na suruali imechanika makalioni.

Mama alikuwa palepale alipomwacha. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi karibu na miguu yake, banda kimya, wala hakutoka, kwa kuwa hakugongewa. Baba akagonga mara tatu. Akashika kifundo.

"Umechelewa," mama akasema.

"Tumefutwa kazi."

"Ribiti ya pale pembeni ilikuwa haijakaza."

Bubu ilikatwa kwa misumeno ikauzwa kama vyuma chakavu. Michoro ikachomwa. Kila sufuria mpya ilipoingia nyumbani kwetu baba aliipiga kwa ukucha na kutuambia, "Isalimieni, huenda ni bawa." Mama alitoka kazini siku ile na chuma chake kwenye mfuko wa aproni, kile cha kukandamizia, na kikawa cha kuzuilia mlango wa sebule. Nimekua nikijikwaa nacho. Wakaoana, baba akaezeka mapaa ya watu, mama akashona magodoro, nikazaliwa mimi peke yangu, na maisha yakaenda.

Mama alifia wodini. Asubuhi ile muuguzi alisema, "Jamaa wasubiri nje kidogo," na baba, ambaye amesubiri nje maisha yake yote, akatoka. Alipoitwa tena alikuta shuka limevutwa mpaka juu. Hakulia. Alisimama pembeni ya kitanda ameinua mkono, vidole vimekunjwa kana kwamba anataka kubisha mlango, kisha akaushusha. Mimi nililia kwa ajili yetu wote wawili na sikuuliza ule mkono ulitaka nini.

Baada ya mazishi alianza kukata sufuria.

Kila mita ya Bubu aliifanya iwe upana wa kiganja chake. Alikumbuka kila kitu kwa mikono. Angefumba macho, akanyoosha mkono hewani mahali ambapo mbavu ya bawa ilikuwepo zamani, kisha akapima na kukata kwa mkasi wa bati. Ribiti alizichonga kutoka kwenye waya wa alumini. Nilikuwa nikipita kwake nikimaliza kusambaza mikate, nikimwachia mkate, na nilipopita tena niliukuta umeota ukungu. Alikonda mpaka shati likamning'inia. Daktari wa zahanati alinivuta pembeni akaniambia wazi kwamba mzee huyu akiendelea kukaa peke yake hivi hatamaliza mwaka.

"Twende kwangu," nilimwambia. "Chumba kipo."

"Siwezi kumwacha mwenzangu ndani."

Nilidhani anasema nyumba, au kumbukumbu, au kaburi. Watu wakifiwa husema mengi.

Mchana mmoja nilikaa naye mezani nimenuia nisiondoke mpaka akubali. Dirisha lilikuwa wazi, watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira, jua limejaa sebuleni. Nilitaka kuuzuia mlango usigongegonge kwa upepo, nikainama kutafuta kile chuma. Hakikuwepo.

"Chuma cha mama kiko wapi?"

"Anacho."

"Nani anacho?"

Baba akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya maziwa. "Mwenyewe."

Kisha akachukua nyundo yake ndogo akagonga ribiti moja, mapigo ya haraka haraka. Na hapo ndipo akili yangu ilipogutuka, kwa kuwa mimi ni mtoto wa ribiti, nimelelewa na mazungumzo yake. Bati halikubonyea. Ribiti ilikaa. Nani alikuwa anakandamiza nyuma?

Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka ndani ya bawa. Ilikuwa ndogo na kavu, na haikuwa na haraka. Baba akatikisa kichwa ameridhika, akashika ribiti nyingine.

Nilisema ni bati linapoa. Nikasema ni mjusi. Baba hakubishana nami, na afadhali angebishana. Chini ya bawa aliacha kidirisha cha kuingilia, kipana kama sanduku la kiberiti, mahali pale pale kilipokuwa kwenye Bubu halisi. Nikachukua kioo cha mkobani na tochi ya simu, nikapiga magoti, nikachungulia. Mikia ya ribiti ilikuwa imepangana mstari kwa mstari mpaka kwenye giza la ncha ya bawa, mahali ambapo kidole cha mtu hakifiki. Yote ilikuwa bapa. Yote ilikuwa imekandamizwa kwa chuma, moja baada ya nyingine, kwa mkono unaojua kazi.

"Baba, ametoka lini… ameingia lini humo?"

"Hajawahi kutoka," akasema. "Kule wodini walinitoa nje kabla sijamgongea. Unamjua mama yako. Hawezi kutoka bila kugongewa. Nilikaa nyumba hii wiki nzima baada ya mazishi nikimsikia kwenye rafu, kwenye sufuria, anagonga mara moja, mara moja. Rudia, rudia. Kwa hiyo nikampa kazi."

Alilisema hili kwa utulivu kabisa, huku akipuliza vumbi la alumini mezani. Niliogopa, na nisifiche, niliona wivu pia. Mama yangu alikuwa pale na hakuna aliyenijulisha.

"Imebaki nini?" nikauliza.

Akanionyesha. Ilibaki ribiti moja tu, pembeni ya kidirisha. Tundu lake lilikuwa limetobolewa na kusafishwa, na ribiti yenyewe ilikuwa ndani ya kisoda cha chupa kando ya nyundo. Kisoda kilikuwa na vumbi. Ndipo nikaelewa kwamba ndege ilikuwa imekwisha siku nyingi, na kwamba zile nyingine alikuwa anazing'oa na kuzipiga upya.

"Kwa nini huimalizi?"

"Nikiimaliza itabidi nimgongee."

"Si ndiyo kazi?"

"Akitoka ataondoka."

Mori ukanipanda. Nimesema sina mdomo mtamu, na siku ile niliutumia wote.

"Baba, siku ile walipofunga banda, wewe uliruka ukuta ukachana suruali ili umtoe. Mpaka leo watu wanaisimulia. Sasa mlinzi mwenye mnyororo ni nani? Amekaa gizani humo ameshika chuma, mikono imemchoka, anangoja mara tatu tu, na wewe unamtengenezea kazi ya uongo kwa sababu unaogopa kula chakula peke yako!"

Aliangusha nyundo. Machozi ambayo hayakutoka wodini yakatoka hapo, yakadondokea kwenye bati, kila tone likisikika. Nilitaka kuomba radhi nikashindwa, maana nilikuwa nimesema kweli. Nje watoto walipiga kelele za goli. Baba akajifuta kwa kola ya shati, akachukua ribiti kutoka kwenye kisoda, akaipuliza, akaiweka kwenye tundu lake.

Akagonga.

Ngo.

Mara moja tu. Baba akabaki amekodoa macho, kisha akaanza kucheka huku pua inamchuruzika. "Unaona? Rudia! Hata leo! Mwanamke hajabadilika." Akairudia, safari hii kwa mkono wa zamani, mkono wa kazi.

Ngo. Ngo.

Safi. Baba akaweka nyundo chini, akakunja vidole vile vile nilivyomwona wodini, na kugonga bawa kwa kifundo cha kidole, mara tatu. Nyumba ikanyamaza. Hata watoto wa mpira sikuwasikia tena, ingawa niliwaona dirishani wakikimbia. Akapeleka vidole viwili kwenye kidirisha, na nikaviona vikishika. Sijui vilishika nini. Vilijikunja polepole vikazunguka kitu chembamba, na mkono wake ukashuka kwa uangalifu mpaka ubao wa meza.

"Taratibu," akasema. "Kanyaga hapa."

Kisha vidole vikafunguka.

Tulikaa hapo mpaka jua likaondoka mezani. Hatimaye nikamwambia njaa inaniuma, naye akasema hata yeye. Nikaenda kuleta mkate garini, na mlangoni nikajikwaa vibaya sana, nikatukana. Chuma cha mama kilikuwa sakafuni, mahali pake pa siku zote. Nilipokiokota kilikuwa na joto la mkono.

Baba alihamia kwangu wiki ile ile. Ndege tuliibeba kwenye gari la mikate, ikakaa juu ya kabati sebuleni kwangu. Alianza kula tena, akanenepa mashavu, akagombana na redio yangu na jinsi ninavyoegesha gari. Wageni walipouliza kama ndege ile iliwahi kuruka, alijibu, "Haikuruka. Ila ilikazwa." Mara nyingine nikiwa peke yangu nililigonga bawa nikasikiliza. Hakuna aliyejibu, nami nilishukuru kila mara, na kila mara nilisikitika kidogo.

Miaka baadaye ilikuwa zamu ya baba. Alikuwa wodini, pumzi imekuwa nzito, macho yamefumbwa, mkono mmoja umeshika chuma cha ubavuni mwa kitanda. Asubuhi muuguzi akaja na sauti ile ile ya wauguzi wote.

"Dada, subiri nje kidogo."

"Sitoki," nikamwambia. "Kwetu mtu akisubiri nje huwa mambo yanaharibika." Akaniangalia, akaiona sura yangu, akavuta pazia akatuacha.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kufanya lolote. Nilimwelewa baba vizuri kuliko siku nyingine yoyote, yeye na kisoda chake chenye vumbi. Pumzi ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama, nami nikawa najiambia ngoja kwanza, labda kesho. Ila nilimwona jinsi alivyochoka. Nikakunja vidole, nikagonga chuma cha kitanda mara tatu.

Kidole chake kikainuka, kikagonga.

Ngo.

Mara moja. Rudia. Nilikuwa nimegonga kinyonge, kwa sababu sikutaka asikie, na mzee huyu hakuwahi kupokea kazi legevu kutoka kwa mtu. Nikajifuta uso. Nikarudia kwa nguvu, mara tatu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka.

Ngo. Ngo.

Wengine hushika mkono. Mimi nilikwenda upande wa miguuni, nikafunua shuka, nikamshika baba yangu kifundo cha mguu.

"Taratibu, baba," nikamwambia. "Kanyaga hapa."